Kuvua Katika Mto Suam Wakati wa Kiangazi



Kiangazi kimeingia. Kati ya Desemba na Machi mvua hupungua katika Mlima Elgon, njia hukauka, na wageni wenye fito ndefu huanza kuonekana. Uvuvi wao hautumii minyoo. Ndoana hufungwa manyoya na uzi hata ikafanana na nzi, kisha hurushwa taratibu juu ya maji. Wanamtafuta trauti, samaki aliyeletwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, apendaye maji baridi yaendayo kasi.

Mtatuuliza: polisi na samaki, wapi na wapi? Kiangazi kimoja mgeni alitoka kwenda kuvua saa tano asubuhi akiongozwa na kijana wa huku kwetu. Walirukaruka mawe, wakajikuta ukingo wa Kenya. Alasiri mgeni alilalamika kichwa, akaketi, akakataa kuinuka. Kijana akaogopa kwamba akiripoti atakamatwa kwa kuvuka mpaka bila kupita kituoni. Akarudi nyumbani, akanyamaza. Mwenye nyumba ya wageni alipotuarifu jua lilikuwa limekwisha kuzama, nasi tukautafuta ukingo wetu usiku kucha. Wenzetu wa Kenya tuliwapigia simu alfajiri. Mgeni alipatikana asubuhi, upande wao, akiwa hai lakini hajui yuko wapi.

Kuchelewa kupiga simu lilikuwa kosa letu. Hata hofu ya kijana yule, kwa kiasi fulani, tuliipanda sisi, kwa kuwa amezoea kutuona tukidai karatasi kabla ya kuuliza habari. Tunasema hili mbele yenu ili linalofuata lisionekane kuwa amri tu.

Safari ya kuvua kiangazi hupangwa kwa kuyafuata maji. Maji yakipata joto, hewa iliyomo ndani yake hupungua, na trauti huishiwa nguvu. Yakipita nyuzi joto 20 hivi, samaki aliyevutwa kwa muda mrefu huweza kufa hata akirudishwa mtoni akiwa bado anapiga mkia. Basi mgeni atoke alfajiri, avue hadi saa nne, kisha akae kivulini. Na apande juu, kwenye maji baridi, asishuke bondeni. Anayekusudia kumwachilia samaki aloweshe mikono kwanza, asimlaze juu ya jiwe lililochomwa na jua. Ajabu ni kwamba ratiba inayomwokoa samaki ndiyo inayomwokoa mvuvi.

Jua la mlimani hudanganya. Upepo ni wa baridi, mtu hajihisi kutokwa jasho, kumbe anachomeka na kukaukiwa. Anywe maji kabla kiu haijamshika. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au kuyumba, ngozi ikiwa ya moto, hiyo ni hatari ya kifo. Mpelekeni kivulini, mlegezeeni nguo, mmwagieni maji, mpepeeni, huku mmoja wenu akipiga simu. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Sasa mpaka. Kwa sehemu ya safari yake Mto Suam wenyewe ndio mpaka kati ya Uganda na Kenya, wala hakuna mstari uliochorwa juu ya maji. Mvuvi hutazama nzi wake, hatazami nchi. Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mgeni wa mbali anaweza kuwa na viza moja ya utalii inayozihusu nchi hizo tatu. Lakini kitambulisho na viza havimwondolei mtu wajibu wa kupita kituo cha mpakani. Mpango useme mapema: tunavua ukingo upi? Ndani ya hifadhi ya mlima, upande wowote ule, ruhusa ya kuvua huombwa kwa walinzi wa hifadhi kabla ya kuingia. Wasabiny na Wapokot wana ndugu ng'ambo zote mbili, na mazoea yao ya kuvuka tunayajua; mgeni asiyajaribu kwa kuiga.

Kabla ya kuondoka, iachwe karatasi kwa mwenye nyumba ya wageni au kwa mwenyekiti wa kijiji: majina, ukingo, sehemu ya mto, saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita, tusisubiri giza. Namba 999 inafanya kazi Uganda na Kenya pia. Nasi tukipokea taarifa ya mtu aliyepotea mtoni, tutawapigia wenzetu wa ng'ambo wakati uleule, na kijana aliyeileta tutamsikiliza kwanza kama shahidi. Habari za kuvuka zitafuata mtu akishapatikana.

Jambo moja tulikuwa karibu kulisahau: mvua ikinyesha juu mlimani, mto huweza kujaa hapa chini kukiwa na jua kali. Maji yakigeuka rangi ya udongo, tokeni.

Vijana mnaoongoza wageni, tunaomba mbaki kidogo. Tumekuja na daftari la kuandika majina yenu na sehemu za mto mnazozifahamu, ili siku ya kutafuta mtu tujue nani wa kumwamsha.