Jengo la Watu Wote Katika Ardhi Inayobadilika

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa Kipawa, Dar es Salaam, mbele ya wazazi na wajumbe wa kamati ya ujenzi.)





Nimeombwa nizungumze juu ya ujenzi wa majengo ya umma, yaani shule, zahanati na misikiti, katika sehemu ambazo jana zilikuwa mashamba na leo zinageuka kuwa mji. Sisi watu wa Kipawa hatuhitaji kufundishwa kwamba ardhi hubadilika. Majirani zetu wengi walivunja nyumba zao kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, ambao jengo lake la tatu la abiria lilifunguliwa Agosti 2019. Wengi wao walikwenda kuanza upya upande wa Pugu na Chanika, kwenye mikorosho na miembe. Na si wao peke yao. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 katika mkoa wetu. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Watu hao wamekwenda pembezoni, na huko ndiko shule na zahanati zinakohitajika.

Swali langu ni hili: je, tunapofika huko tunaitazama ardhi kwanza, au tunafika na ramani iliyokwisha chorwa?

Ndugu zangu, ninalisema hili nikijilaumu mwenyewe. Miaka iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati iliyojenga madarasa ya shule moja ambayo sitaitaja. Tulitaka yaonekane vizuri kutoka barabarani, basi tukaelekeza madirisha mashariki na magharibi. Paa tukaliezeka kwa mabati pasipo dari, ili kubana gharama. Matokeo yake ni kwamba asubuhi jua huwapiga watoto wa upande mmoja, na jioni huwapiga wa upande wa pili. Mvua ikinyesha mwalimu huacha kufundisha, kwani hasikiki. Fedha tuliyoiokoa siku ile inalipwa na watoto kila siku ya masomo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni jua na upepo. Dar es Salaam ipo karibu digrii 7 kusini ya ikweta. Jua letu la mchana hupita karibu na utosi, bali la asubuhi na jioni huja ubavuni. Jengo lililonyooka kutoka mashariki hadi magharibi, lenye kuta ndefu upande wa kaskazini na kusini, huliepuka jua hilo. Madirisha yakielekeana, upepo wa kusi na wa kaskazi hupita ndani bila kuhitaji feni. Na tazameni jambo la ajabu: hapa petu kibla kipo karibu kaskazini kabisa. Msikiti wenye safu ndefu zinazoelekea kibla umekwisha kaa sawasawa na jua. Yatupasa tu kuyapanga madarasa ya jirani yake vivyo hivyo, na kuyaongezea baraza pana la kivuli.

Jambo la pili ni maji. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, kisha hushuka hadi Jangwani na baharini. Kila shamba linalofunikwa kwa paa na saruji huko juu hupunguza ardhi ya kunywa mvua, na maji hayo humfuata aliye bondeni. Hatujasahau mafuriko ya Desemba 2011, ambayo yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili. Lakini maji yaleyale ni neema yakikingwa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la madarasa lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 8, likipata mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 240,000. Hata tukipoteza sehemu moja ya tano, zitabaki lita 192,000. Ilhali watoto wetu huja shuleni na madumu ya maji!

Wala fikra hii si ngeni. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuunguzwa na moto Julai 2021, lilisanifiwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli. Paa lake aliliunda mfano wa miavuli iliyopinduliwa, ili ipokee maji ya mvua na kuyateremsha kwenye hifadhi chini ya ardhi. Sisi tunashindwaje kufunga gata na simtanki?

Jambo la tatu ni vifaa. Matofali ya kuchoma hula kuni, na misitu ya Pugu imekwisha umia vya kutosha kwa mkaa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeonyesha tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo, ambazo hushindiliwa kwa mashine ya mkono na hazichomwi. Vijana wetu wanaweza kujifunza kuzifyatua, na ufa ukitokea kesho, fundi wa kuuziba yupo palepale. Kumbukeni kwamba msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina ulianza kwa matofali ya udongo, nguzo za mitende na paa la makuti. Heshima yake haikutokana na ughali wa vifaa.

Sasa nirudi kwenye kiwanja chetu cha Chanika. Wiki iliyopita tulikwenda kukitazama. Tulikuta mwembe mkubwa umetiwa alama ya kukatwa, na kijibonde cha upande wa chini kimepangwa kujazwa kifusi. Wanakijiji walitueleza kwamba kila masika maji hupita hapo. Tukikijaza, maji hayatakoma. Yatahamia nyumbani kwa jirani. Je, tumfungulie jirani mlango wa elimu huku tukimwingizia mafuriko?

Naomba kamati ikubali mambo matatu kabla ya msingi kuchimbwa: mwembe ubaki, kijibonde kiachwe wazi na kupandwa majani, na jengo ligeuzwe likae mashariki kwa magharibi. Ramani itabadilika, na huenda tukachelewa mwezi mmoja. Lakini jengo hili litatumiwa na watoto ambao bado hawajazaliwa, katika mji ambao bado haujakuwepo. Mwezi mmoja si mwingi kwa ajili yao.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.