Leseni ya Mgeni: Kutoka Mitaboni hadi Ng'ambo ya Namanga

Ukambani husimuliwa kwamba uchongaji wa vinyago vya kuuza ulianza na mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejikuta Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi na ufundi aliouona kwa wachongaji wa huko. Ufundi ukaenea Machakos, ukateremka hadi Mombasa, ambako wachongaji wa Kikamba wana chama chao cha ushirika Changamwe. Leo mrithi wa ufundi huo akienda kufungua duka la vinyago Arusha, sheria itamrudisha.

Tarehe 28 Julai 2025, Selemani Jafo, aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania, alitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Maduka ya vinyago yamo. Zimo pia uwakala wa kutuma pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni, usafi wa nyumba na ofisi, uongozaji watalii, udalali, uchimbaji mdogo wa madini, na ununuzi wa mazao shambani. Rejareja na jumla zimefungwa, isipokuwa supamaketi na maduka maalumu ya jumla. Mgeni akipatikana na hatia hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au hufungwa hadi miezi sita, na viza na kibali chake cha ukaazi hufutwa.

Kelele zilipanda Nairobi, na Waziri wa Biashara, Lee Kinyanjui, akalalamika kwamba soko la pamoja la Afrika Mashariki limevunjwa. Lakini Kenya nayo ina historia yake. Sheria yake ya leseni za biashara ya 1967 iliwazuia wasio raia kuuza baadhi ya bidhaa na kufanya biashara nje ya maeneo maalumu ya miji. Wenye maduka wengi wa Kiasia waliokuwa na pasi za Uingereza wakafunga virago, na London nayo, mnamo Machi 1968, ikaanza kutumia sheria ya kuwabana wasiingie. Watu hao walikuwa na pasi mkononi na bado wakakosa mahali pa kuuza sukari.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Mitaboni, Machakos, anayeutazama mpaka wa Namanga asianze kwa kuuliza ada ya leseni ni kiasi gani. Aulize kwanza iwapo biashara yake iko wazi kwa mgeni. Nyumbani amezoea kibali kimoja cha kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka leseni za biashara mikononi mwa kaunti. Akilipa Machakos, anafungua mlango. Ng'ambo, karatasi hutoka kwa wakubwa kadhaa wasioulizana. Kampuni husajiliwa na wakala wa usajili wa biashara, BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na mamlaka ya mapato, TRA, na leseni yenyewe hutoka BRELA au halmashauri kulingana na kundi la biashara. Anayeuza chakula ataonana na shirika la viwango, TBS, wa dawa na mamlaka ya dawa, TMDA.

Kisha kuna mwili wake mwenyewe. Kampuni inaweza kuwa halali huku mwenye kampuni hana ruhusa ya kukaa dukani: Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi, na sheria ya ajira za wasio raia ya 2015 hudai kibali cha kazi kando yake. Hapa ndipo wengi hunaswa, kwa kudhani cheti cha kampuni kinawafunika. Kenya nayo si rahisi kwa wanaotoka mbali: mwekezaji wa kigeni anayeomba kibali cha daraja la G sharti aonyeshe mtaji wa dola 100,000 za Marekani.

Njia ya mkato inajulikana: kuandika biashara kwa jina la mwenyeji, mara nyingi rafiki au shemeji. Amri ya 2025 imeiona. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo anaweza kutozwa shilingi milioni 5 au kufungwa miezi mitatu. Hata bila amri hiyo, mpango huo ni kumkabidhi mwenzako duka zima na kumwomba asikusaliti.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika 1 Julai 2010, inampa raia wa Afrika Mashariki haki ya kuanzisha biashara katika nchi mwanachama, chini ya ibara ya 13. Ila nyuma yake kuna majedwali, ambamo kila nchi iliandika sekta za huduma inazozifungua na lini. Kuyasoma majedwali hayo kunachosha. Kufungiwa duka kunachosha zaidi. Mkaazi anayeona sheria ya nchi mwanachama inakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kwenda mwenyewe Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, lakini ana miezi miwili tu ya kufungua shauri.

Kwa mchongaji, kuna mlango mwingine ambao haudai leseni ya mgeni: kinyago kivuke, mwenyewe abaki. Shehena isiyozidi dola 2,000, ya bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, hupita Namanga kwa cheti rahisi cha asili bila ushuru wa forodha. Mteja wake Arusha, mwenye leseni yake, ndiye atakayekipanga kabatini.