HOTUBA JUU YA KUWAKALISHA KWETU JAMAA WALIO RAIA WA NG'AMBO YA RUVUMA

Ilisomwa mbele ya mkutano wa wana-chama, Mtwara



Katika mkutano uliopita liliulizwa swali ambalo halikupata jibu, nalo ni hili: mtumishi mwenye mke, au mume, au mzazi aliye raia wa nchi nyingine, afanyeje ili jamaa yake huyo akae naye kwa haki, pasipo kujificha wala kuona haya? Tuliagizwa kulitafutia maelezo. Hatukuchaguliwa kwa elimu, maana sisi ni karani tu wa masjala. Tulichaguliwa kwa kuwa kila mmoja wenu ajua kwamba mke wetu alizaliwa Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, na kwamba shida hii imekwisha kulala nyumbani mwetu.

Yafaa tuanze na mto wenyewe. Kwa babu zetu Ruvuma haukuwa mpaka, ulikuwa njia. Wamakonde walikaa pande zote mbili, na watu wa pwani vivyo hivyo, nao walivuka kwa mitumbwi kwenda kuoa, kuzika na kuchezesha jando. Tarehe 30 Desemba 1886 Wajerumani na Wareno walipatana kuufanya mto huo kuwa mpaka. Walakini mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga iliyo ng'ambo ya kusini. Mwaka 1916, katika Vita Kuu, Wareno wakaichukua tena. Na mwaka 1919 ikathibitishwa kuwa yao. Basi mtu aliyekuwa na jiko lake Kionga mwaka 1893, akaishi hadi mwaka 1917, alibadilishiwa bendera mara mbili bila kulisogeza jiko hilo hata hatua moja.

Tena wote twakumbuka, kwa masimulizi ya wazee, jinsi watu wa Msumbiji walivyovuka kuja kwetu katika vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, hata nchi yao ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wengine walirudi, wengine walioa na kuolewa huku. Na tarehe 12 Mei 2010 lilifunguliwa Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, kati ya Mtambaswala na Negomano. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika kila ofisi ya mkoa huu yumo mtu mwenye mkwe ng'ambo. Ajabu ni kwamba sisi tunaowaandikia watu barua zao aghalabu hatuna karatasi za nyumbani mwetu wenyewe. Wahenga walisema, kinyozi hajinyoi.

Tuwasimulieni yaliyotupata, ili asije mwenzetu mwingine akajifunza kwa gharama ile ile. Tulioana mwaka 2014, katika kanisa huko Palma. Mwenzetu akaja nasi Mtwara kwa pasipoti yake, akagongewa muhuri mpakani Kilambo, nasi tukaona mambo yamekwisha. Mwaka 2019 mtoto wetu wa kwanza aliugua, akaandikiwa kwenda hospitali Dar es Salaam. Mama yake akambeba, wakapanda basi alfajiri. Sisi tukabaki kazini. Katika kizuizi kimoja njiani abiria waliulizwa vitambulisho. Muhuri uliokuwa katika pasipoti yake ulikuwa umekwisha muda wake zaidi ya miaka minne. Akateremshwa, mtoto mgongoni, na basi likaenda zake.

Tulisafiri usiku ule kumfuata, tumeshika cheti cha ndoa kilichoandikwa Kireno, ambacho afisa wa zamu hakuweza kukisoma. Afisa yule hakututukana. Aliuliza neno moja tu: "Bwana, kazi yako ni nini?" Tukamjibu kwamba ni karani wa masjala. Akanyamaza, na kimya chake kilituuma kuliko faini tuliyolipa. Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu, lakini alifika hospitali siku mbili baada ya siku aliyopangiwa.

Tuliporudi, rafiki mmoja alitujia kwa wema, akatunong'oneza: "Mkeo asema Kimakonde kama mtu wa Tandahimba. Andika kiapo kwamba alizaliwa Kitaya. Mashahidi nitakupatia mimi, na mambo yamekwisha." Bwana Mwenyekiti, tutasema kweli mbele yenu: kalamu tuliishika. Karatasi tuliianza, kwa mwandiko wetu mzuri wa ofisi. Tulipofika mahali pa jina la mama mzazi, tukamwuliza mwenzetu aandikwe nani. Akasema, "Baba watoto, mama yangu yuko Palma. Ukimwandika mwingine, mimi ni mtoto wa nani?" Karatasi ile tukaichana, tukaanza safari ya haki. Hatua zake ndizo hizi.

Kwanza, pasipoti na kuingia kwa mlango. Raia wa Msumbiji hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini kutohitaji viza si ruhusa ya kukaa. Muhuri wa mpakani una siku zake. Siku hizo zikipita, mtu huyo yumo nchini kinyume cha sheria, hata akiwa ameolewa na karani, au na mkubwa kuliko karani. Zisomeni tarehe siku ile ile anayoingia, mziandike penye kalenda yenu ya ukutani.

Pili, cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakubali ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kiserikali na ya kimila. Lakini ndoa ya kimila yapaswa kuandikishwa kwa msajili ndani ya siku 30, na ndugu zetu wengi hawafanyi hivyo. Wako wanaotegemea neno kwamba mume na mke waliokaa pamoja miaka miwili huhesabiwa kuwa wameoana. Hiyo ni dhana tu ya kisheria, nayo yaweza kupingwa na kuvunjwa kwa ushahidi mahakamani. Si karatasi ya kuweka mezani pa Uhamiaji. Ndoa iliyofungwa nchi nyingine kwa kufuata sheria ya huko ni ndoa hapa pia. Ila cheti chake kikiwa cha Kireno, kifasiriwe kwa Kiswahili au Kiingereza na mtu anayetambulika kwa kazi hiyo.

Tatu, hati ya mtegemezi. Hii ndiyo ruhusa impasayo mke na watoto walio raia wa kigeni wanaomtegemea mtu mwenye haki ya kukaa nchini. Mwenye nyumba huandika barua ya maombi, akieleza mtegemezi ni nani, anakaa wapi, naye atamtunza kwa mapato gani. Huambatanishwa fomu iliyojazwa, picha, nakala ya pasipoti, cheti cha ndoa au cha kuzaliwa kinachoonyesha udugu, na uthibitisho wa uraia wa mwombaji mwenyewe. Tangu Idara ya Uhamiaji ilipoanza kazi zake kwa njia ya kielektroniki, mfumo uliozinduliwa tarehe 31 Januari 2018, sehemu kubwa ya shughuli hizi hupitia humo. Ada ilipwe kwa namba ya malipo ya Serikali, na stakabadhi itunzwe. Mtu yeyote anayewaomba fedha mkononi, huyo haombi ada.

Nne, kazi. Mwenye hati ya mtegemezi hana ruhusa ya kuajiriwa wala kufanya biashara kwa hati hiyo peke yake. Atakaye kuajiriwa yampasa kupata kibali cha kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira kwa wasio raia, pamoja na kibali cha ukaazi. Mke wetu alikuwa akiuza maandazi barazani. Hilo nalo tulilifikiri kuwa jambo dogo, mpaka tuliposoma.

Tano, uraia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yampa mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania nafasi ya kuomba uraia wakati wowote mumewe angali hai. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa binti yetu hana mlango huo. Yeye hupita njia ya wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo jumla ya kukaa kwake isipungue miaka 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na kusudi la kuendelea kukaa. Hivyo dada zetu watumishi wana mzigo mzito kuliko wetu, ijapokuwa wanafanya kazi ile ile. Twadhani chama hiki, kwa adabu na kwa maandishi, chaweza kuwakumbusha wenye mamlaka juu ya jambo hilo.

Tena mtu mzima hawezi kuwa na uraia wa Tanzania pamoja na wa nchi nyingine. Anayepewa wetu huacha wa kwake. Mke wetu hajaomba bado. Ana shamba la minazi la marehemu baba yake, naye angali anafikiri. Hilo ni lake kuamua, nasi hatumharakishi.

Sita, watoto. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo, ambaye baba au mama yake ni raia wa Tanzania kwa kuzaliwa, ni raia kwa kurithi. Aliye na uraia wa nchi mbili, atakapotimiza miaka 18, hana budi kuchagua mmoja. Pateni vyeti vya kuzaliwa mapema; mtoto asiye na cheti ni kama barua isiyo na namba ya jalada: ipo, lakini haionekani.

Saba, jamaa wengine. Hapa ndipo desturi yetu na sheria zinapoachana. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, wala hakuna aulizaye. Sheria yauliza. Mtoto asiye wako wa kumzaa yahitaji amri ya mahakama, ya kumwasili au ya kumlea, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mzazi aweza kuwa mtegemezi ikiwa kwa uzee au kutojiweza anakutegemea kabisa. Na mtu aliyekimbia vita ana njia nyingine tena, ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Msiichanganye na hii.

Mnajua kwa nini twataja vita. Machafuko ya Cabo Delgado yalianza Oktoba 2017. Oktoba 2020 Kitaya, kijiji cha mkoa wetu wenyewe, kilishambuliwa. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ikashambuliwa, watu wakakimbia kila upande. Na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka ule kwamba maelfu waliovuka kuja huku walirudishwa kupitia Negomano. Kwa muda wa siku kumi na moja hatukujua kama mama mkwe yu hai. Ndipo zikaja habari kwamba amefika Mueda, kwa miguu na kwa lori.

Alikaa kwa jamaa mwaka mzima, akapata pasipoti, na mwaka 2022 tukampokea Mtambaswala, mkoba mmoja mkononi. Tukampelekea ombi la utegemezi. Lilirudishwa mara mbili, mara zote mbili kwa kosa letu la viambatisho. Mara ya tatu afisa aliuliza: ni nini kinachoonyesha kwamba bibi huyu ni mama wa mkeo? Tukaweka mezani cheti cha kuzaliwa cha mke wetu, cha kweli, cha Palma, chenye jina la mama yake, na tafsiri yake.

Wana-Chama wenzetu, fikirini. Laiti tungaliandika kile kiapo cha Kitaya, siku ile mezani mama mkwe angalikuwa mgeni asiye na mtu. Uongo wetu ungalimpa mke wetu nchi, na kumnyang'anya mama. Mbali na hayo, anayepata hati kwa maelezo ya uongo atenda kosa la jinai, na hata uraia uliopatikana hivyo waweza kufutwa. Ombi letu lilikubaliwa. Sasa mama mkwe hukaa barazani jioni na kutuuliza kama tarehe ya hati yake imekaribia. Yeye amekuwa karani kuliko sisi.

Twamaliza kwa maombi matatu. La kwanza, kila mwana-chama mwenye jamaa wa kigeni afungue jalada nyumbani, aweke humo nakala za karatasi zote na tarehe zinapokwisha. La pili, tuchague wenzetu wawili watakaowasaidia bila malipo watu wa vijijini, wa Msimbati, Kilambo na Kitaya, kuandika maombi yao. Wengi wao wana haki, walichokosa ni mwandiko. La tatu, asiwepo miongoni mwetu atakayeuza kiapo cha uongo, wala kwa fedha wala kwa huruma. Wazee wetu walioanzisha chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, pamoja na Martin Kayamba, walitaka kazi ya karani ipate heshima. Heshima hiyo i katika ncha ya kalamu, na kalamu tunayo sisi.

Mwenye swali na aulize. Na mwenye pasipoti ya mkewe nyumbani, aende leo akaisome.