Presha Ikisoma Sawa na Mgonjwa Yuko Hatarini



Mazungumzo ya leo yanahusu mtu anayepoteza damu nyingi: mama aliyetoka kujifungua, au majeruhi wa ajali ya bodaboda. Jamaa huuliza, "Presha yake ni ngapi?" Wakiambiwa ni 110 kwa 70, hushusha pumzi. Huenda ni mapema mno.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Damu hiyo ndiyo inayofikisha oksijeni kwenye ubongo na figo. Presha ni kipimo kingine: nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa. Damu ikipungua, mwili huibana mishipa na moyo huenda mbio, hivyo presha huweza kubaki ya kawaida ilhali damu inayozunguka imeshuka sana. Kwa kijana mwenye afya, huenda isishuke mpaka apoteze karibu theluthi moja ya damu yake.

Mashine nazo zina mipaka. Ile inayofungwa mkononi husoma mitetemo ya mshipa. Mapigo yakiwa dhaifu au mgonjwa akitetemeka, inaweza kuonyesha presha ya juu kuliko ilivyo. Kipima oksijeni cha kidoleni hubabaika kidole kikiwa baridi. Hata katika wadi za wagonjwa mahututi, mashine zinazokadiria kiasi cha damu kwa kufuata umbo la mapigo hupotoka mishipa inapobanwa au kulegea ghafla, na huhitaji kusawazishwa upya.

Ndiyo sababu wahudumu wa afya hawategemei namba moja. Hurudia vipimo na kulinganisha: mapigo 120 kwa dakika na presha ya juu ya 100 ni dalili ya hatari. Hubonyeza ukucha, rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, damu haifiki vizuri. Huangalia pia kiasi cha mkojo.

Damu inayotoka nayo hupimwa. Katika utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini zilikinga damu ya mama kwa mfuko wenye alama za vipimo badala ya kukisia kwa macho, na kutoa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja. Visa vya kuvuja damu kupita kiasi na madhara yake makubwa vilipungua kwa asilimia 60.

Jamaa aliye kando ya kitanda ana kazi pia. Akiona mgonjwa anatoka jasho baridi, anahangaika, ana kiu kali, anaongea ovyo, au pedi zinalowa haraka, amwite mhudumu papo hapo na kuomba apimwe tena, hata kama mashine imeonyesha namba nzuri. Hilo si kumsumbua mhudumu. Ni kumsaidia kuokoa maisha.