Mtandao wa Mashine Pepe kwa Mtumiaji Asiye na Haki za Msimamizi



Mwanafunzi mwenye akaunti ya kawaida kwenye seva ya chuo anawasha mashine pepe ya Linux, kisha anakwama: mashine haina mtandao. Mwongozo wa kwanza anaoukuta unamtaka aunde daraja la mtandao na kifaa cha TAP. Anajaribu, anakataliwa, anaandika ombi kwa msimamizi wa mfumo, na kazi inalala. Hoja yangu leo ni kwamba mara nyingi ombi hilo halihitajiki kabisa.

Kukataliwa kwenyewe ni kwa haki. TAP ni kadi ya mtandao ya bandia inayokaa ndani ya kerneli, na anayeiunda na kuiunganisha kwenye daraja anagusa mtandao wa kompyuta nzima, ukiwamo wa wenzake. Ndiyo maana Linux inadai uwezo uitwao CAP_NET_ADMIN. Lakini mtumiaji yeyote anaruhusiwa kufungua soketi ya TCP au UDP. Bila ruhusa hiyo hata kivinjari kisingefanya kazi. QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, hupita katika mlango huohuo.

Inafanyaje? Pakiti zikitoka kwenye mashine pepe haziendi kwenye kerneli ya mwenyeji, yaani kompyuta inayoiendesha mashine hiyo. Zinasomwa ndani ya QEMU yenyewe na maktaba iitwayo libslirp. Maktaba inatambua kwamba mgeni, yaani mashine pepe, anataka kuzungumza na seva fulani, inafungua soketi ya kawaida kwa niaba yake, na majibu yakirudi inayafunga upya katika pakiti na kumkabidhi. Kerneli haioni mashine pepe. Inaona programu ya mtumiaji inayowasiliana na seva. Ufundi huu ni wa miaka ya 1990, Danny Gasparovski alipoandika Slirp ili watu waliokuwa na akaunti za maandishi tu kwa njia ya simu wapate intaneti kamili. Tatizo lao na letu ni moja.

Amri ni fupi:

qemu-system-x86_64 -m 2048 -drive file=diski.qcow2,format=qcow2 -nic user,hostfwd=tcp:127.0.0.1:2222-:22

Mgeni hupata kwa DHCP anwani 10.0.2.15; lango lake ni 10.0.2.2, na DNS ni 10.0.2.3. Kwa kuwa hakuna anayeweza kumfikia kutoka nje, sehemu ya hostfwd inafungua poti 2222 ya mwenyeji na kuielekeza kwenye poti 22 ya mgeni. Kutoka kwenye seva hiyohiyo, ssh -p 2222 jina@127.0.0.1 inatosha. Chagueni poti ya 1024 au zaidi, kwa sababu zilizo chini yake kwa kawaida huhitaji haki za msimamizi.

Kosa linalowapotezea wanafunzi muda mwingi ni kupima kwa ping. Ping hutumia ICMP, na mtumiaji wa kawaida huruhusiwa kuituma pale tu kipimo cha net.ipv4.ping_group_range cha mwenyeji kinapolijumuisha kundi lake. Ping inashindwa, mwanafunzi anahitimisha kwamba mtandao haupo, anaanza kubomoa mipangilio iliyokuwa sahihi. Pimeni kwa curl au kwa kusasisha vifurushi. Aidha, tangu toleo 7.2, QEMU haiji tena na libslirp ndani yake. Anayeijenga mwenyewe bila maktaba hiyo ataambiwa aina ya user haimo.

Kasi ni ndogo kuliko ya TAP, na kwa kazi za kujifunzia hilo halina uzito. Anayehitaji zaidi aangalie passt, ambayo nayo haidai haki za msimamizi. Wanaotaka mashine kadhaa zizungumze zenyewe kwa zenyewe waongeze kadi ya pili ya aina ya socket, kwa mfano -nic socket,mcast=230.0.0.1:1234, na kila kadi ipewe anwani yake ya MAC, kwani QEMU hurudia anwani zilezile katika kila mashine.

Usalama nausisitiza. Mkiacha kuandika 127.0.0.1 katika hostfwd, poti inafunguka kwa yeyote anayeweza kuifikia seva. Na kwa upande wa pili, mgeni akiita 10.0.2.2 anafika kwenye huduma za ndani za mwenyeji, hata zile zinazosikiliza 127.0.0.1 peke yake. Hifadhidata iliyoachwa bila nenosiri kwa imani kwamba iko ndani tu haiko salama. Anayechunguza programu asiyoiamini aongeze restrict=on, ili mgeni asitoke.

Wasimamizi wa mifumo mliopo hapa, nawaomba mambo mawili. Wekeni QEMU yenye libslirp kwenye seva za wanafunzi, na muwaingize wanafunzi hao katika kundi la kvm, kwani bila kufikia /dev/kvm mashine pepe zao zitakwenda polepole mno. Nenosiri la msimamizi bakini nalo.