Mtu Mwenye Daftari Anapofika Mlangoni Pako

(Maandishi ya mazungumzo ya redio juu ya amani, Kindu, Maniema)

  Tumeandika maneno haya kwenye karatasi ili yule ambaye redio yake imekosa mabetri apate kuyasoma, na yule asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.

Leo tuzungumze juu ya kazi moja ambayo watu wengi wanaiona bila kuijua. Ni kazi ya mwalimu wa chuo anayefundisha kazi ya jamii na kuichunguza. Wanafunzi wake, wakimaliza masomo, tunawaita asistanti sosiali. Mimi ni mmoja wa walimu hao. Kwa hiyo ninasema juu ya kazi yangu mwenyewe, na ninyi mna haki ya kuipima.

Labda utasema: "Mimi ninatafuta chakula na shitingi ya kufunika nyumba. Mambo ya chuo yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Mwanafunzi wa mwalimu huyu ndiye atakayefika mlangoni pako na daftari. Atauliza majina ya watoto wako, mahali ulipotoka, nani alikufa njiani, nani amekupokea. Jibu lako linaweza kukuletea msaada. Tena linaweza kukuletea hatari, ikiwa yule anayeliandika hakufundishwa vizuri. Ndiyo maana inafaa umjue.

KAZI HII ILITOKA WAPI

Kusaidiana si jambo geni kwetu. Wazee wa Kindu wanakumbuka mwaka 1964, wakati uasi wa Simba ulipofika hapa mjini. Watu walikimbilia porini, na wenye vijiji waliwagawia mihogo na mahali pa kulala. Hakuna aliyeuliza diploma. Lakini vita vikirudi mara nyingi, kama ilivyokuwa 1996, na tena 1998, na miaka iliyofuata, ukoo mmoja hauwezi kubeba mzigo wote. Watu wasiojuana wanalazimika kukaa pamoja. Hapo moyo mwema peke yake hautoshi. Inahitajika akili iliyofundishwa.

Shule ya kwanza ya kazi hii ilifunguliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1899. Mwaka 1908, mwanamke mmoja Mjerumani, jina lake Alice Salomon, alifungua shule ya namna hiyo katika mji wa Berlin. Yeye alikuwa amepata udaktari wa chuo kikuu mwaka 1906. Uchunguzi wake ulikuwa juu ya swali hili: kwa nini mwanamke hulipwa kidogo kuliko mwanamume? Mwaka 1929 shule za kazi ya jamii za nchi mbalimbali zilipoungana, yeye alichaguliwa kuwa mkubwa wao. Lakini watawala wa Nazi walimchukia kwa sababu jamaa yake ilikuwa ya Kiyahudi. Mwaka 1937 walimfukuza nchini mwake. Alikufa New York mwaka 1948, mbali na mji aliozaliwa.

Wewe uliyekimbia, fikiri juu ya mama huyu. Alifundisha wengine kusaidia wasio na kwao, naye akakosa kwao. Masomo na cheo havikumzuia kufukuzwa. Basi asikudharau mtu akisema kwamba mkimbizi ni mtu asiye na akili au asiye na bahati. Vita havichagui.

Hapa Afrika pia shule hizi zimepita katika taabu. Addis Ababa, Ethiopia, ilipata shule ya kazi ya jamii mwaka 1959. Baada ya mapinduzi ya 1974 ilifungwa, na masomo hayo yakaanza tena mwaka 2004. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 30 bila kufundisha. Kujenga shule ni kazi ya miaka mingi. Kuifunga ni kazi ya siku moja. Tanzania ilitunga sheria mwaka 1973 ya kuanzisha chuo cha ustawi wa jamii Dar es Salaam, na chuo hicho kimedumu, kwa sababu nchi ilipata utulivu. Amani inalisha shule, na shule inalisha amani.

Kwetu Kongo, wakati wa Wabelgiji, kulikuwa na nyumba zilizoitwa fuaye sosiali. Humo wamama walifundishwa kushona, kupika na kulea watoto kwa namna Wabelgiji walivyotaka. Mengine yalisaidia. Lakini mara chache mwalimu alimwuliza mama: "Wewe unaona shida yako ni nini?" Baadaye, mwaka 1971, vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, na masomo ya mambo ya jamii yakapelekwa Lubumbashi. Mtoto wa Kindu aliyetaka masomo hayo alipaswa kwenda mbali, njia ya reli ya kupitia Kongolo na Kabalo. Mwaka 1981 vyuo hivyo viliachana tena. Leo Kindu yenyewe ina Chuo Kikuu. Hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kujifunza akiwa karibu na watu atakaowatumikia.

NJIA YA MWALIMU

Njia ya mwalimu wa chuo ni ndefu. Kwa mpango wa zamani, mwanafunzi alisoma miaka 3 ya gradua, kisha miaka 2 ya lisansi. Siku hizi kuna mpango mpya wa LMD. Anayebaki chuoni kufundisha anaanza kama asistanti, kisha anakuwa shef de travo, kisha sharti afanye udaktari kabla ya kuitwa profesa. Wengi wanafika huko nywele zimekuwa nyeupe.

Kwa nini muda wote huo? Kwa sababu mambo ya watu hayaonekani kwa kutazama mara moja. Tuchukue mfano. Mkubwa wa mtaa anaona watoto wa wakimbizi hawaendi shule. Anasema: "Watu hawa hawapendi masomo." Mtu asiyefundishwa ataandika neno hilo na kuondoka. Aliyefundishwa ataingia nyumba kwa nyumba. Katika nyumba moja atakuta mtoto anapalilia mpunga wa watu wengine ili apate chakula cha jioni. Katika nyumba nyingine karatasi za shule ziliteketea pamoja na nyumba, na mwalimu mkuu anakataa kumwandika mtoto asiye na karatasi. Katika ya tatu, msichana anabaki kulinda mama mgonjwa. Watoto ni watatu, na sababu ni tatu. Wa kwanza anahitaji chakula, wa pili anahitaji barua ya mkubwa wa mtaa, wa tatu anahitaji jirani wa kumsaidia mama. Hata mmoja hakukosa kupenda shule.

Hiyo ndiyo maana ya kuchunguza. Ni kutenga lile uliloona na lile uliloambiwa. Ni kuuliza watu zaidi ya mmoja, na wamama pamoja na wababa. Ni kukubali kwamba jibu linaweza kukataa lile ulilofikiri mwanzo.

UCHUNGUZI NA AMANI

Mara nyingi ugomvi katika mtaa huanza kwa neno lisilochunguzwa. Katika Kongo, sehemu kubwa ya wakimbizi wa ndani haikai katika kambi. Inakaa katika nyumba za jamaa na za watu wema. Januari 2025 vita vilipofika Goma, na Februari Bukavu, ndivyo ilivyokuwa pia: watu wengi walitafuta mlango wa mtu, si mlango wa kambi. Sasa, msaada ukija na kupewa mkimbizi peke yake, huku mwenye nyumba aliyegawa mchele wake wa mwisho akiachwa, nini kitatokea? Mwenye nyumba atanuna. Mkimbizi ataogopa. Watoto wataanza kutukanana kisimani. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri anaandika nyumba yote, mgeni na mwenyeji, kabla ya gari la msaada kufika.

Vivyo hivyo na mashamba. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Neno jema. Lakini jembe linataka udongo, na udongo una wenyewe. Ukimpa mgeni shamba la kulima karanga au mpunga, ni la msimu mmoja, na wote wanaelewa. Akipanda mingazi, wenyeji wataona anataka kuchukua ardhi ya babu zao, kwa sababu mti unaodumu ni alama ya mwenye shamba. Pengine mgeni hakufikiri hivyo hata kidogo. Basi mambo haya yasemwe mbele ya mashahidi, siku ya kwanza: shamba lipi, mpaka wapi, misimu mingapi, mimea gani. Maneno kumi ya siku ile yanaweza kuzuia mapanga ya mwaka kesho.

NINYI MLIOKIMBIA VITA: HAKI ZENU MBELE YA DAFTARI

Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi yao. Mwaka 2009, mjini Kampala, nchi za Afrika zilipatana juu ya mkataba wao wenyewe, nao ulianza kuwa na nguvu mwaka 2012. Neno kubwa la maandishi hayo ni hili: aliyekimbia ndani ya nchi yake bado ni mwananchi, na serikali ndiyo ya kwanza kuwajibika kumlinda. Wewe si mgeni wa nchi. Kwa hiyo, mtu mwenye daftari akifika:

1. Mwulize jina lake, nani amemtuma, na kama mkubwa wa mtaa anamjua.

2. Mwulize majibu yatatumika kwa kazi gani. Kama ni uchunguzi wa chuo tu, sharti aseme wazi kwamba hakuletei chakula. Asikudanganye ili useme.

3. Una ruhusa ya kukataa swali. Kukataa kusikuondolee msaada.

4. Omba mzungumze mahali pa faragha. Mambo ya mama aliyetendewa jeuri, au ya mtoto aliyetoka katika kundi la silaha, hayasemwi mbele ya watu, wala jina lake haliandikwi kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa wengi.

5. Mwambie arudi kueleza aliyoyakuta. Anayechukua habari zako bila kurudi amevuna shamba lako.

Na wewe nawe, sema kweli. Ukiongeza watoto ambao hawako, kuna jirani atakayekosa chakula chake.

NINYI WAKUBWA WA MITAA NA VIJIJI

Wazee wetu, ninawasemesha kwa heshima. Orodha ya wakimbizi ni kitu kizito kuliko pesa. Ukiandika ndugu zako ambao hawakukimbia, au ukiuza nafasi, watu watajua, na siku utakapowaita kwa mashauri ya amani hawatakuja. Orodha hiyo isibandikwe ukutani na kila mtu aione, maana mwenye silaha naye anajua kusoma.

Mwanafunzi akiuliza maswali nyumbani mwa mtu, usikae pale ukisikiliza. Mama hawezi kusema shida yake na wewe umekaa mbele yake, hata kama wewe ni mtu mwema.

Mkiona mtoto aliyepotezana na wazazi, msimpe mtu yeyote anayesema tu "ni wangu." Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto imeweka tribunali ya watoto, nayo inawapa wafanyakazi wa jamii kazi yao. Pelekeni habari kwa ofisi ya Mambo ya Jamii. Wakati mnangoja, mtoto akae katika jamaa inayojulikana, si kituo cha polisi.

Tena, mkiita baraza, iteni wenyeji na wakimbizi pamoja, na wamama wapewe nafasi ya kusema. Kidole kimoja hakivunji chawa.

NENO LA MWISHO

Kuna wasichana na wavulana katika nyumba za wakimbizi wanaojua lugha tatu au nne, wanaojua maana ya kulala njaa, na wanaojua kunyamazisha mtoto anayelia usiku kwa hofu. Hao wanaweza kuwa asistanti sosiali wazuri sana, na walimu wa wengine baadaye. Ndugu mzazi, usiseme masomo ya mtoto wako yalikwisha siku mlipokimbia. Ndugu mwalimu mkuu, usimfungie mlango kwa ajili ya karatasi iliyoungua.

Tunaomba mkae jioni katika baraza zenu, mzungumze juu ya maswali haya:

1. Katika mtaa wetu, nani anaandika majina ya waliokimbia, na karatasi hiyo inalindwa wapi?

2. Wenyeji waliopokea wageni wamepata nini, nao wanasema nini kimoyomoyo?

3. Ni mtoto gani hapa kwetu haendi shule, na ni nani kati yetu aliyekwenda kumwuliza sababu?