Kikohozi cha Duarani: Sura ya Wagonjwa wa UVIKO-19 katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita



Nimeombwa nieleze dalili na mwenendo wa UVIKO-19 kwetu. Fasili nazipita mbio, maana humu hamna asiyezijua: kirusi husambaa kwa hewa, dalili hujitokeza ndani ya siku 14 tangu kuambukizwa: homa, kikohozi, uchovu, na kwa wachache kubanwa pumzi. Mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Takwimu zilizotangazwa zikaishia wagonjwa 509 mwaka huohuo, chanjo ikazinduliwa Julai 2021. Yaliyo katikati mnayajua, nami kama mtumishi wa umma siyasemi.

Mojawapo ya ripoti za mwanzo za Wuhan ilikuwa na wagonjwa 41 tu. Lakini ilisema 27 kati yao walihusika na soko moja. Ilijuaje? Waliulizwa.

Sisi hatukuuliza wagonjwa wetu walifanya kazi wapi. Mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamgasa huchoronga mwamba chini ya duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, au husaga mawe kwenye karasha, na kila pumzi ina vumbi la silika. Vumbi hilo huacha makovu mapafuni, na penye makovu kifua kikuu hupata makao. Wimbi la UVIKO-19 lilipofika, mtu huyu alikuja na homa, kikohozi na oksijeni iliyoshuka. Ni kirusi, ni vumbi, ni kifua kikuu, au vyote vitatu? Picha ya kifua peke yake haijibu. Historia ya kazi ingesaidia, nayo ndiyo hatuna.

Katika kituo kimoja nilichokagua, kwenye nafasi ya kazi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho pameandikwa "mkulima". Kijana mmoja, kucha zimejaa tope la duarani, aliniambia mwenyewe: "Dokta, andika mkulima, mwenye duara asije akanifukuza." Makazi akataja Kahama, basi. Majibu yaliporudi, duara la mbali lilikuwa limetema, yaani limetoa dhahabu, na yeye ameshahama. Huyo utamfuatilia wapi? Nimeandika habari hii kwenye taarifa za robo mwaka hadi nimechoka.

Napendekeza, kwa unyenyekevu, tuache kuuliza "kazi yako nini"; tuulize "mara ya mwisho ulishuka duara lini, na lipi". Kila mchimbaji mwenye kikohozi apimwe makohozi kwa kifua kikuu siku hiyohiyo, hata kipimo cha UVIKO kikitoka chanya. Namba ya simu ya mwenzake wa duarani iandikwe, maana yake mwenyewe hubadilika. Wenye maduara wahakikishiwe kwamba daftari la mgonjwa haliendi kwa mkaguzi wa madini. Wanaochoronga wamwagie maji mwamba. Na narudia: swali la duara liulizwe, na jibu liandikwe kama mgonjwa alivyolitaja.

Waganga wafawidhi, nawaomba mchore safu ya swali hilo kwa rula kwenye madaftari yenu Jumatatu. Msisubiri fomu mpya.